Jini Aliyetaka Maji

Wiki iliyopita nilimwona tena jini kwenye mchezo wa runinga: mgonjwa anaanguka, povu linamtoka, na mganga anamwuliza jini haja yake. Bado tu! Miaka yote hii, watunzi wetu hawajasikia kwamba kuna kifafa?

Nilikuwa mdogo, tukikaa Chaani. Alasiri moja dada yangu Rukia alianguka uani, kando ya jiko la mkaa, mwili mzima ukimtetemeka. Sikuogopa hata kidogo. Michezo ya runinga ilikuwa imeshanifundisha kwamba jini huulizwa, naye hujibu kwa sauti nzito. Mtetemeko ulipokoma nikachutama, nikauliza kwa adabu, "Ewe jini, wataka nini?"

Dada akafumbua macho. Sauti ilimtoka kwa kukwaruza. "Maji."

Nikatoka mbio. "Jini ataka maji!"

Mama na majirani wakaja na chetezo, uani kukajaa moshi wa ubani. Wakamnyunyizia marashi mpaka nguo zikamganda. Wakasoma, wakabembeleza, "Toka kwa heri, mgeni wetu." Dada alikuwa akikohoa moshi, midomo imemkauka. Hakuna aliyemletea hata kikombe kimoja.

Siku hizi Rukia humeza vidonge, na kitambo hajaanguka. Mchezo huo wa wiki iliyopita tulikuwa tukiutazama pamoja. Binti yake akanigeukia, macho yamemtoka. "Mama mdogo, huyo jini ataka nini?"

Kabla sijajibu, Rukia akazima runinga.

"Maji," akasema. "Wallahi, alitaka maji ya kunywa tu."