Mkwe Aimbe, Mama Apone

Watu wa kilima cha Mghange humcheka Mumbe, muuguzi wa zahanati yao, kwamba Mkamba huyu hupima damu kama nyama. Ni kweli. Vitambaa vilivyoloa damu ya uzazi huviweka kwenye mizani, maana macho, asema, ni waongo wakubwa. Miaka kumi na tisa amezalisha nusu ya kilima, na bado wanamcheka.

Jumanne moja asubuhi Lynn alijifungua salama. Kondo la nyuma lilitoka zima, hakuchanika, na sindano ya kukaza mji wa mimba alidungwa. Damu ikakataa kukoma. Mumbe akausugua mji wa mimba. Ukakaza, ukalegea tena. Mizani ikasema gramu mia saba, na mia tano tayari ni hatari. Akabonyeza juu ya kinena, akakuta kibofu kimejaa pomoni. Kibofu kikijaa hivyo, mji wa mimba haujikazi sawasawa, na mama huisha huku mnamtazama.

Mipira ya kutolea mkojo ilikuwa imeisha. Ambulensi ndiyo kwanza inatoka Voi. Mumbe akasukuma beseni kitandani.

"Siwezi, sista," Lynn akanong'ona, midomo imepauka. "Baba mkwe yuko hapo. Atasikia."

Alikuwepo kweli. Nyuma ya pazia, kwenye benchi, mzee Mwandawiro alikuwa akingoja kuonyeshwa mjukuu. Kwao mkamwana hata mbele ya baba mkwe hakatizi, seuze kumsikilizisha mkojo. Mtu anakufa kwa adabu! Mumbe akapandwa na hasira.

"Mzee, toka nje!"

"Goti limekataa, sista. Mimi huinuliwa na watu wawili."

Mumbe hakuthubutu kuondoa mkono tumboni kwa Lynn. "Basi imba!"

"Niimbe?"

"Wimbo wa kanisani! Kwa nguvu!"

Mwandawiro akaimba, sauti mbovu ajabu. Wagonjwa kwenye foleni wakadhani maombi yameanza, wakaitikia. Mmoja mwenye homa akasimama kutoa ushuhuda. Ubeti wa tatu, beseni likalia. Chini ya kiganja cha Mumbe mji wa mimba ukajikusanya, ukawa mgumu kama nazi. Damu ikapungua, ikawa matone.

Mzee alikuwa ubeti wa sita Mumbe alipotoka, mikono imejaa damu.

"Amepona?"

"Amekojoa, mzee," Mumbe akaropoka.

Mwandawiro angepaswa kuziba masikio. Badala yake alilia waziwazi.

"Mamake Geoffrey, huyu mume wa Lynn, alitokwa damu hivi hivi, nyumbani," akasema. "Sisi wanaume tulikaa nje kwa heshima. Tulinyamaza mpaka akaisha."

Akajifuta uso kwa kofia, akatazama barabara ya Voi.

"Ambulensi bado," akasema. "Niongeze wimbo mwingine?"