Siku Nilifungwa na Muzungu kwa Kiwanja ya Ndege

Mimi sitaki kuficha, sababu hata nikificha kuna watu iko hai mpaka leo hapa Awindiri, mji ya Arua, waliona na macho yao, na wakikutana na mimi kwa njia ya soko wanaangalia kwanza muguu yangu ya kulia, halafu wanaangalia mbinguni, halafu wanaziba mdomo na kitambaa. Ndiyo, ni mimi. Ni mimi yule mama alianguka na muzungu kwa kiwanja ya ndege, tumefungwa pamoja na mikanda kama mizigo ya tumbaku, na hatukufunguka. Basi, nimesema. Sasa nyinyi kaeni niwaambie nani alinifikisha pale, maana mimi peke yangu sikuwa mujinga namna ile.

Ilianza na shemeji yangu Ramadhani wa Koboko. Marehemu bwana yangu alikuwa askari ya parashuti, mutu ya kweli, alikuwa anaruka kutoka ndege kama wewe unavyoruka mufereji. Vita ikatufukuza, tukakimbilia Zaire mwaka ile sabini na tisa, homa ikamuchukua kule, mimi nikarudi nyuma na mutoto moja tu, Zaitun, na kwa desturi ya watu yetu huyu Ramadhani ndiyo akawa baba ya nyumba. Yeye pia alikuwa jeshi, lakini kwa jiko. (Alikuwa anapika maharagwe, na bwana yangu alisema hata ile maharagwe ilikuwa na mawe.) Lakini ukimusikia anaongea, anavuta maneno yote kwa pua, "Eeh-hem, sisi watu ya jeshi", utafikiri nchi hii ilikuwa inamungoja yeye tu aamuke.

Sasa Zaitun alikuwa na miaka kumi na tisa, anasoma ualimu, imebaki mihula mbili tu, na Ramadhani akatafuta mutu Koboko wa kumuoa. Mutu mwenyewe anauza mataili ya magari, iko na wake wawili na meno tano. Akatuma gunia ya sukari nyumbani kwangu. (Nilikunywa chai na ile sukari, sitaki kudanganya, lakini kunywa chai si kukubali.) Mimi nikasema mutoto amalize masomo. Ramadhani akasema nani mimi kusema.

Wakati ile ile wakakuja wazungu fulani na ndege yao ndogo, wanataka watu wachange pesa ya wagonjwa, na walisema watachukua mutu moja ya mji, muzungu atamufunga kwa kifua yake, halafu wanaruka naye juu kule, wawili kwa parashuti moja. Wanaume ya Arua siku ile wote wakapata matanga mbali, huyu Nebbi, huyu Moyo. Ikabaki wanawake. Chama yetu ya wanawake ikaweka majina kwa ungo, wakapepeta, wakachomoa moja, na ikatoka yangu. Wallahi nilikuwa nimefungua mdomo kukataa. Lakini Ramadhani alikuwa amekaa pale kwa kiti yangu, anakula karanga yangu, akacheka.

"Eeh-hem. Huyu? Huyu anaogopa hata kuku ikiwa na vifaranga."

Nikamuambia nitaruka. Akasema, sawa, mbele ya hawa mama wote: nikiruka, mambo ya Zaitun ni yangu, yeye ananyamaza, nikishindwa, Idi ikiisha tu anakuja kumubeba kumupeleka Koboko. Tukapeana mukono. Zaitun alikuwa chuo, hakujua kitu.

Sasa sikiliza ujinga yenyewe. Wazungu waliita mukutano ya kufundisha, siku ya Jumanne, na mimi sikwenda. Bibi ya askari ya parashuti afundishwe nini? Mimi nilijua. Bwana yangu alinihadithia mara mia: kwanza askari wanapanda nyuma ya lori, lori inakwenda polepole, wanaruka, miguu pamoja, wanaanguka kwa ubavu, wanajiviringisha, wanasimama. Mara kumi, mara ishirini, mpaka mifupa inajua. Kila nyumba ya jeshi inajua hii maneno. Basi Jumanne ile ile, siku ya soko ya Inde, nikapanda lori ya muhogo, nikasimama nyuma, na ilipopunguza mwendo kuingia soko nikaruka.

Miguu pamoja, ndiyo. Lakini nilisahau kuambia gomesi yangu, ile nguo refu ya sisi mama. Ikashika kwa chuma ya lori, moja ya miguu ikafika chini, ingine ikabaki juu, nikasikia kwa kifundo "ka", kama mutu anavunja kuni. Watu ya soko walifikiri ninakimbia nauli.

Wakanibeba kwa fundi ya mifupa pale pale Inde, muzee anaongea kama iko na njugu ya moto kwa mdomo. Akapapasa, akafinya, akafunga vipande ya mianzi na mafuta ya kondoo na majani fulani (harufu yake, hata mbuzi ilipita upande ingine ya barabara), akasema, "Mama, hii imepachuka. Ukikanyaga kwa nguvu kabla ya mwechi mbili, utatembea na fimbo mpaka uchikwe." Kuruka ilikuwa imebaki siku nne.

Mimi nikakaa nyumbani nikawaza. Nikisema naumwa, Ramadhani atasema nimeogopa, na mutoto yangu anakwenda kuhesabu mataili. Nikiruka, muguu inakwisha, na mjane asiye na muguu nani atamulimia? Upande hii mutoto, upande hii muguu. Nikapima, nikapima. Mwisho nikajiambia muguu ni mbili, mutoto ni moja. (Sasa mukicheka, mimi wakati ile niliona ni hesabu mzuri kabisa.)

Ijumaa Zaitun akakuja kutoka chuo, akanikuta ninaosha muguu mchana kwa uwanja, akasimama. Akaniuliza kwa sauti ya mwalimu, ile ya polepole, "Mama, hii muguu imekuwa papai. Kesho unaruka na hii?" Nikamuambia imevimba kidogo kwa joto tu. Akaniuliza kwa nini ni lazima mimi. Nikasema ni kwa wagonjwa, tunasaidia wagonjwa. Aliniangalia sana. Mimi nikaangalia sufuria.

Jumamosi kiwanja ya ndege ilijaa. Vijana ya kijiji ya Onduparaka walikuja na ngoma zao za kushangilia mpira wakaanza kuimba jina yangu kama mimi nitapiga penalti. Nilivaa suruali ya Ramadhani chini (alikuwa ameacha kwangu, sikumuomba), na gomesi juu, kwa sababu shehe yetu pia alikuja, na siwezi kusimama mbele yake na suruali peke yake. Niliingia nikitembea pole pole, kwa heshima, watu wakafikiri ni heshima.

Muzungu wangu alikuwa kijana murefu, mwekundu, anaongea Kiswahili kama mutu anatoa maneno kutoka shimo, moja moja. Akafunga mikanda kwangu, akafunga yake, akanipachika mbele yake, mugongo yangu kwa kifua yake (nisamehewe), akakaa na mimi kwa sanduku ya mbao pale chini, tujaribu kwanza kabla ya ndege. Halafu akasema, "Mama. Karibu na chini. Wewe. Miguu. Juu. Yote. Mimi peke yangu nakanyaga." Yani wewe unainua miguu tu. Hakuna kuanguka kwa ubavu, hakuna kujiviringisha. Hii ndiyo walifundisha Jumanne. Mimi nimevunja muguu kwa lori ya muhogo kujifunza kitu ambayo haiko.

"Sasa," anasema, "jaribu. Juu."

Ya kushoto ikapanda. Ya kulia ikakataa. Akasema, "Na hii?" Nikasema hii iko na haya, inakuja. Akaweka mukono kuisaidia, akagusa mianzi. "Hii ni nini, mama?" Nikasema ni urembo ya kwetu. Harufu ilikuwa inasema kitu ingine. Basi mimi nikainama kuinua muguu na mikono mbili, kwa nguvu, na sanduku ikapinduka, na mimi chini uso kwa majani, na muzungu muzima juu ya mugongo yangu.

Akajaribu kufungua chuma ya mikanda. Gomesi ilikuwa imeingia ndani ya ile chuma. Akivuta, gomesi inapanda, suruali ya Ramadhani inaonekana. Akiacha, ananilalia. Ngoma ikanyamaza. Mimi nikaita, nikisema muguu, muguu, kwa luga zote nilijua, na shehe akageuka akaangalia mti. Wakakata gomesi na kisu. Gomesi yangu ya harusi ya dada.

Wakaniweka kwa wilibaro ya mutu ya sementi. Na Ramadhani (angenyamaza tu ingemuua?) akapanda juu ya lile sanduku, akapandisha sauti kwa pua mpaka watu ya nyuma wasikie.

"Eeh-hem. Imekwisha. Ameshindwa, na suruali ni yangu. Idi ikiisha Zaitun anakuja Koboko kwa bwana yake. Tulipeana mukono, mashahidi iko."

Zaitun alikuwa nyuma ya wilibaro ameshika kichwa yangu. Mukono yake ikatoka. Akaniuliza, pole pole ile ile, "Mama, ni kweli?" Nikaanza kueleza, nikasema mimi nilikuwa nakupigania, na yeye hakungoja nimalize. Akakwenda moja kwa moja kwa muzungu, akasema naye Kiingereza, akakaa chini, akainua miguu mbili pamoja, akaweka juu, akahesabu mpaka kumi, akashusha. Muzungu akatingisha kichwa ndiyo.

Hakuna mutu aliniuliza. Mimi mama yake, kwa wilibaro, nilisema hapana mara saba, nikijaribu kusimama wilibaro inakimbia mbele. Ndege ikapanda. Ikakuwa nzi. Halafu kutoka kwa nzi ikatoka kitu ndogo, inaanguka, inaanguka tu, na mimi nikajua kuogopa ni nini, maana ile siku zote nilikuwa naogopa aibu na kuita hiyo kuogopa. Halafu parashuti ikafunguka. Zaitun alishuka ameinua miguu kama walivyosema, kitambaa ya kichwa haiko, nywele zote juu, anacheka.

Ramadhani alikuwa wa kwanza kukimbia. Akasema damu ya jeshi, damu ya ndugu yangu, na kwa vile ni nyumba yake imeruka, yeye ndiye ameshinda. Mimi nikasema kutoka wilibaro hapana, ni mimi nimeshinda, ni mutoto yangu. Tukagombana pale juu ya kichwa yake, na yeye bado anafunguliwa mikanda.

Zaitun akasema, "Baba mudogo, mama. Nyinyi wawili mulinipeleka mnada kama mbuzi, na mbuzi ilikuwa shule. Mutu aliruka ni mimi. Hii maneno sasa ni yangu, na leo sitaki kuisikia tena."

Vijana ya Onduparaka wakapiga ngoma. Ramadhani akarudi Koboko na suruali yake, ile nilianguka nayo, imekatika magoti. Mimi nilikasirika miezi mbili, kwa fundi aliyenifunga harufu, kwa lori, kwa muzungu ya kusema polepole, kwa shehe aliangalia mti wakati angeleta kisu, na kwa mutoto aliyeniletea maji ya moto ya muguu kila Jumamosi bila kusema kitu, ambayo ni mbaya kuliko kusema.

Alimaliza ualimu. Aliolewa miaka sita baadaye, na mutu anaogopa hata kupanda kiti, na mimi sikuulizwa, niliambiwa. Bado naona ni vibaya kuambiwa. Lakini niliapa pale kwa wilibaro, na sijavunja: nikitaka kumupigania mutu, nitamutafuta kwanza, hata kama iko chuo, nimuulize kama yeye anataka hiyo vita.