Nambari 142857 na Khasoa Wetu

Enzi zetu kule Kabras, hesabu tulifanyia mchangani kwanza, daftari baadaye. Mvua ikipiga mabati ya darasa, sauti ya mwalimu inapotea, nasi tunanyonya kipande cha muwa chini ya dawati, utamu unachuruzika hadi kwenye viwiko. Nyumbani, akisonga ugali, mama alikuwa akitukumbushanga, "Obusuma hauliwi na mtoto ambaye hajamaliza hesabu!"

Niliketi na Khasoa. Alikuwa na kigugumizi, kwa hiyo hakunyoosha mkono hata siku moja, na mwalimu wa hesabu alishamwambia babake kwamba arudie darasa la sita. Khasoa alilia wiki nzima.

Siku moja mwalimu alituandikia ubaoni 142857. Tuizidishe kwa mbili, tatu, nne, tano, halafu sita. Sisi tukaanza kuhesabu kwa vidole. Khasoa akafanya ya kwanza tu, akaitazama, kisha akaandika majibu mengine manne papo hapo: 428571, 571428, 714285, 857142. Hakuna hatua hata moja.

"Umeiba wapi haya?" mwalimu akafoka.

"Si-si-sijaiba, mwalimu. Ni zile zile sita. Zinafuatana vile vile, zinabadilisha tu ya kuanza."

Tukachungulia. Kweli! Moja, nne, mbili, nane, tano, saba, zinazunguka kama watoto wameshikana mikono.

Mwalimu hakuridhika. Akampa chaki. "Basi zidisha kwa saba."

Sote tulijua zitazunguka tena. Khasoa akaandika tisa sita: 999999. Darasa likaangua kicheko. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Mwalimu akahesabu mwenyewe polepole, akafuta, akarudia. Kicheko kikaisha.

"Umejuaje?"

"Nili-nilikuwa nachunga ng'ombe, nikagawanya moja kwa saba mchangani, kwa kijiti. Zikatoka hizi sita, zikarudi tena, tena. Ha-haziishi. Nikajaribu kuzirudisha kwa saba, zikawa tisa zote."

Mwalimu akaenda kuketi kwenye dawati letu, kando yangu, na kuniambia nisogee. "Tufundishe," akamwambia Khasoa. Jioni hiyo mwalimu alitembea mwenyewe hadi kwa babake Khasoa kuomba radhi. Khasoa hakurudia darasa. Leo anafundisha hesabu chuoni, upande wa Sigalagala, kigugumizi chake kikiwa pale pale, na wanafunzi humsubiri amalize.

Juzi, nyumbani Shieywe, nilimpa mpwa wangu nambari ile ile. Akabonyeza simu, akasoma majibu yote kabla sijavaa miwani. Haraka ajabu, nampongeza.

"Huoni kitu hapo?" nikamuuliza.

"Naona, Aunty. Simu haijakosea hata moja," akasema, akafunga simu.

Sisi tulichelewa kufika kwenye jibu. Lakini tulipofika, tulikaa tukalitazama.