Senene wa Mavyaa na Kuku wa Temeke

Mwanangu, mie na mvi zangu hizi, mpaka leo nikimwona kuku anadonoa kitu uwani naona haya. Cheka tu, cheka. Ukishamaliza sogeza hicho kigoda ukae, nikusimulie aibu yangu ya siku moja, maana nyie vijana mnadhani sie wazee tulizaliwa na adabu zetu mfukoni. Wallahi si hivyo. Mie adabu yangu niliipata kwa jasho, na nusura inigharimu ndoa.

Nilikuwa bado bibi harusi, sijatimiza hata mwaka ndani ya nyumba. Tulipanga Temeke, zama hizo za Mwingereza, Temeke ina mikorosho mingi kuliko watu. Mie mzaliwa wa Mtoni, Mzaramo kwa baba na kwa mama. Mume wangu, Idirisa, alikuwa Mhaya, Mwislamu wa Bukoba, karani wa mizigo pale stesheni ya garimoshi. Kwao walishamtafutia binti wa hukohuko. Yeye akaniona mie, akanioa mie.

Ndugu zake hawakuja harusini. Walisema ni mbali, na kweli ni mbali: meli mpaka Mwanza, kisha garimoshi mpaka unasahau ulikotoka. Lakini umbali haukuwa sababu yote, na mie nilijua. Mavyaa wangu, yaani mama yake Idirisa, alituma neno moja tu: atakuja mwenyewe amtazame huyo mke, ndipo aseme kama ameridhika au la. Na Idirisa, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa mama yake hasa. Mama akikataa, mie narudi Mtoni na sanduku langu kichwani. Sikulala vizuri miezi ile.

Basi tukiwa tunamngoja, asubuhi moja nikasikia hodi. Mtu wa kwao, kashuka garimoshi, kaleta furushi. Lilifungwa kwa majani makavu ya mgomba, likakazwa kwa kamba za mgomba huohuo, kazi safi, unaitazama unafurahi. "Mzigo wa Idirisa," akasema, "umetoka kwa mama yake." Akaondoka zake, ana haraka. Mimi na furushi tukabaki tunatazamana. Mtu mwenye akili angeliweka kando amngoje mwenyewe. Mie nikafungua.

Loo! Panzi, mwanangu! Panzi wakavu, hawana mbawa, hawana miguu, wamejaa furushi zima. Lakini macho wanayo, na nikaona yote yananitazama mie. Nikapiga ukelele mpaka Bi Pili, mpangaji mwenzangu, akatoka jikoni na mwiko mkononi. Bi Pili alikuwa mwanamke mwenye jibu la kila kitu. Akachungulia, akajishika kiuno.

"Mwanaidi shoga yangu, umekwisha. Hiyo dawa."

"Dawa gani ya panzi?"

"Ya kukutoa humu ndani! Mavyaa wako hakutaki, sasa anakutoa kwa njia ya mbali. Watu wa bara hao, weye unawajua?"

Naye Bi Pili, kumbe, bara alikuwa haijui. Hajafika hata Morogoro. Kwake yeye ukishapita Ubungo umeingia bara. Lakini hofu haiulizi vyeti, na mie hofu nilikuwa nayo tayari. Nikalibeba lile furushi kwa ncha za vidole mpaka uwani, nikalimwaga lote. Tulikuwa na kuku saba. Wao hawakuuliza habari ya dawa. Walikula mpaka wakawa wanatembea kwa taabu, kisha wakalala kivulini hoi.

Idirisa akarudi alasiri. Alishakutana na yule mtu mjini, kwa hiyo alikuja mbiombio, kofia mkononi, anacheka peke yake njiani. Siku ya ndoa yetu hakucheka vile, nakwambia.

"Wako wapi?" akauliza hata viatu hajavua.

"Akina nani?"

"Senene! Mama kaniletea senene!"

Akaanza kunieleza, anameza mate katikati ya maneno. Kwamba kwao senene hushuka na mvua kutoka juu, kundi kwa kundi, na wakishuka kila mtu huacha alilokuwa akilifanya. Kwamba hukaushwa wakawekwa, na mgeni wa heshima akija ndio hutolewa. Kwamba yeye ana miaka minne hajaweka hata mmoja mdomoni. "Kwetu mtu akikupelekea senene, kakupelekea moyo wake," akasema. "Walete basi."

Nikamwambia. Ningefanyaje? Nikasema yote, furushi, Bi Pili, kuku.

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alikwenda uwani polepole, akachuchumaa kwenye mtungi wa maji, akapenyeza mkono chini yake. Kuku hawakufika pale. Akatoka na senene watatu. Akawafuta mchanga kwa kipande cha shati lake, akala mmoja, akala wa pili, akala wa tatu, macho kafumba. Mie nimesimama mlangoni nalia kama mtoto. Mwanaume mzima, karani, anaokota chakula cha mama yake chini ya mtungi kwa sababu yangu!

Akanyanyuka. "Mama akija," akasema, "mie simdanganyi. Na wewe usiniombe nimdanganye." Usiku ule aliniambia lala salama kama kawaida yake, lakini sauti ilikuwa nyingine.

Mwezi haujaisha, mavyaa akafika. Mwanamke mrefu, kanyooka, mchache wa maneno, kaja na mkungu wa ndizi kubwa kutoka kwao kote kule. Nikampigia magoti, "Shikamoo mama." Akaitika marahaba, akanitazama kuanzia ukaya wa kichwani mpaka kisigino. Akafungua kijifuko, akanipa punje za kahawa kavu nitafune, ndivyo kwao wanavyokaribishana. Nilizitafuna zote bila kuuliza ni nini, chungu ajabu! Siku ile ya kwanza habari ya senene hakuitaja. Mie kila akikohoa nafikiri ndiyo inakuja.

Nikataka kumchinjia kuku. Idirisa akanivuta pembeni. "Kwetu wanawake hawali kuku." Nikashukuru kimoyomoyo, maana kuku wenyewe ndio walewale. Ningemlisha mama wa watu senene wake ndani ya kuku!

Basi nikasema nitampa cha kwetu, kile tunachomtolea mgeni tunayemheshimu. Mjomba wangu wa Msasani akaniletea pweza mkubwa. Nikamponda juu ya jiwe mpaka mkono ukafa ganzi, nikamchemsha, nikakuna nazi tatu, nikamtia kwenye tui zito na ndimu na pilipili. Wali wa nazi ukaiva punje mbalimbali. Mchicha nao upo. Nikasema leo ama nitabaki ama nitaondoka, lakini nitakuwa nimepika.

Wanaume walikula barazani, sie wanawake uwani. Nikatandika mkeka, nikamnawisha mavyaa mikono kwanza, kisha Bi Pili, ambaye mwaliko hakuungoja. Sinia la wali katikati, na bakuli la pweza limefunikwa kawa. Unajua desturi yetu ya sinia: kila mtu hula upande wake, na kitoweo hakiguswi mpaka mkubwa atangulie. Kwa hiyo sote tulikuwa tunaungoja mkono wa mavyaa.

Akafunua kawa. Mkono ukasimama hewani. Pale juu ya tui palikuwa na mguu wa pweza umejikunja, na vile vikombe vyake safu mbili. Mavyaa akatazama. Akamtazama pweza, akanitazama mie, akamrudia pweza. Bi Pili akaanza kucheka chinichini. Mie nikajua yamenifika. Sasa atainuka, atamwita mwanawe, atamwambia mkeo kanipikia dudu.

Hakuinuka. Alichukua ile kawa, akalifunika bakuli tena, taratibu kabisa. Akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni nani?"

"Pweza, mama. Anatoka baharini."

"Na macho yote haya ni yake?"

"Si macho, mama. Ndivyo anavyoshikia mwamba."

"Kwenu hupewa nani?"

"Mgeni," nikasema. "Mgeni mkubwa."

"Basi nionyeshe analiwaje."

Nikakata kipande, nikakichovya tui, nikala na tonge la wali. Naye akafunua, akachukua chake, akafumba macho vilevile kama mwanawe alivyofumba, akatia mdomoni. Akatafuna. Pweza hatafunwi haraka, unajua, basi alitafuna, na sie tunamtazama koo. Akameza. "Anateleza," akasema. Akanyoosha mkono akachukua kipande cha pili.

Hapo ndipo nilipovunjika. Nilijifunika upande wa kanga nikalia kwa sauti. "Mama, nisamehe. Senene wako sikuwajua. Nikadhani ni dawa ya kunidhuru. Nikawamwagia kuku." Bi Pili palepale akakumbuka kwamba ana maharage jikoni, akaondoka hata mkono hajanawa.

"Wote?" akauliza mavyaa.

"Watatu walibaki chini ya mtungi. Mwanao akawaokota."

"Akawala?"

"Akawala, mama."

Akaniambia jinsi alivyowapata: kutoka alfajiri na umande mpaka magotini, anawakamata mmoja mmoja, anawanyofoa mbawa na miguu mmoja mmoja, mpaka kidole hiki hapa kikavimba, akanionyesha. Kisha kuwakausha kwa moshi siku mbili, na kuomba msafiri mwaminifu. "Na mimi, mwanangu, sijawahi kumwonja hata mmoja. Kwetu mwanamke huwaandaa, mwanamume ndiye hula. Ndivyo nilivyokuta, nami nikafuata."

Nikazidi kulia. Mara nikasikia kitu kingine. Mavyaa anatikisika mabega. Nikadhani analia. Kumbe anacheka!

"Kwa hiyo kuku wa Temeke," akasema, machozi yanamtoka, "kuku wa Temeke wamekula nisichokila mimi mpaka nimezeeka!" Akacheka mpaka akashika mbavu, mpaka Idirisa akaja mbio kutoka barazani, tonge bado mkononi, akidhani kuna msiba.

Halafu kicheko kikaisha, akanishika kifundo cha mkono, akanikaza. "Sikiliza. Senene watashuka tena, hao hawaniumi. Kilichoniuma ni kwamba uliona kazi ya mkono wangu, ukadhani mkono unakuua. Chakula usichokijua, kifunike, uulize. Ukishauliza, ule au uache, ni hiari yako. Lakini uwe umeuliza."

Akamgeukia mwanawe, pale aliposimama na tonge lake. "Mkeo nimemwona," akasema. Mie roho juu. "Hakungoja nimuulize. Kasema mwenyewe. Kaa naye." Kisha akarudi kwenye bakuli, kwa sababu pweza alikuwa anapoa.

Nilikaa na Idirisa miaka arobaini na mitatu, mwanangu. Mavyaa aliporudi kwao alibeba pweza mkavu ili awatishe mashoga zake. Na msimu uliofuata lilikuja furushi jingine, safari hii limetajwa jina langu, na mletaji kapewa maneno ya kuniambia: "Mwambie mke wa mwanangu, mimi nimeshaonja mmoja. Zamu yake." Nikafumba macho, nikala. Watamu, acha! Idirisa akawa analalamika kwamba simbakishii.

Sasa sikia ninalotaka kukwambia. Mji huu wetu, kuanzia Msasani mpaka Kibamba, una vyungu vya kila namna. Huyu analilia mtori, huyu ugali wa muhogo na kisamvu, huyu maziwa yaliyoganda, huyu papa mkavu wa kunuka mtaa mzima. Hukulazimishwa kupenda vyote. Mie mwenyewe mpaka leo kuna vitu nikipewa nasema ahsante nimeshiba. Lakini usikunje uso, usiteme, usimwage, na usimpe sikio mtu kama Bi Pili, ambaye hajui ila ana jibu. Nyuma ya kila chungu kuna mtu aliyeamka mapema, na kidole chake kimevimba. Ukikidharau chakula, umemdharau huyo, na huenda ndiye aliyekuwa anataka kukupenda. Na ukikosea, maana utakosea tu, nenda ukaseme mwenyewe kabla hujaulizwa. Aibu yake ni ya siku moja, na mie sikupata nyingine kubwa hivyo tena.

Mola akujaalie sinia lisilokauka, na watu wa kulizunguka. Akupe wakwe wenye kicheko. Akuepushe na njaa na kiburi, na kila utakaponyoosha mkono mezani kwa watu, uinuke umependwa zaidi kuliko ulivyokaa. Amina. Haya, nenda kanawe, chakula tayari.