Ngao Niliyowachorea Wakwe Zangu

Nilimkosea mkwe wangu mbele ya ukumbi mzima, ndugu yangu, na sina wa kumsingizia. Akili zangu zilikuwa timamu.

Binti yangu Zuhura alikuwa anaolewa na kijana wa Kizaramo. Sisi ni Wanyamwezi, na Wazaramo ni watani wetu tangu enzi za babu zetu. Jina la ukoo wa kijana ni Jalala, ambalo ni jina la baba yake, mkwe wangu. Si jina lao hasa, nimelibadili, lakini maana ni hiyo hiyo: pa kutupia taka.

Katika kitabu cha maktaba hapa Beltsville, Marekani, nilikuwa nimeona ngao za koo za Ulaya. Wenzetu wale huchora majina yao. Mwenye jina la mnara huweka mnara, mwenye jina la jogoo huweka jogoo. Nikasema sendofu ya Zuhura, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, lazima iwe na ngao ya koo zetu mbili! Zuhura akanijibu, "Sawa Dad, but please, iwe simple."

Upande wetu nikachora mkuki. Upande wao nikachora jaa la taka, na kuku juu yake anachakura.

Mkongo aliyenichapia ngao hiyo kwenye bango aliniuliza, "Papa, hii ni ya mariage kweli?"

Nikamwambia yeye hajui utani. Laiti ningemsikiliza!

Siku ilipofika, ukumbini Annandale, nilivuta kitambaa mwenyewe. Meza yangu ilicheka. Meza ya wakwe ilinyamaza. Nikadhani hawajaona vizuri, nikawaelezea! Hadi kuku nikawaonyesha kwa kidole.

Ndipo bibi yake kijana, mama mzazi wa mkwe wangu, akasimama taratibu.

"Mkwe," akasema, "waliomtangulia huyu mwanangu niliwazika wote. Yeye nilimlaza jaani nikamwita hivyo, ili kifo kimdharau, kimpite. Wewe umemwekea kuku."

Akaomba kanga yake, akatoka. Mkwe wangu, Jalala mwenyewe, akaliteremsha bango, akalikunja polepole, akanikabidhi kwa mikono miwili. Afadhali angenitukana!

Na nilijua. Tangu utotoni nilifundishwa kwamba mtani akishakuwa mkwe, utani hukoma. Nililipuuza hilo ili watu wacheke.

Nilituma wazee kwao Fairfax kuomba radhi. Bibi aliwapa chai, akasema ndoa iendelee, ila mimi asinione. Basi mimi, walii wa binti yangu, nikampa mdogo wangu uwakili amwozeshe. Nilibaki garini nje ya msikiti, nimevaa kanzu mpya, nikisikia vigelegele vikipita ukutani.

Sasa Zuhura amejifungua mtoto wa kiume. Picha hunitumia. Jina hajaniambia, na mimi niliyechezea la babu yake nina uso gani wa kuliuliza?

Wewe mwenye mkono mwepesi kama wangu, kabla hujalichora jina la mtu, kaulize kwanza kwa aliyempa.