Ukuta wa Inchi Tisa

Juzi saa nane mchana, kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Tulia, mume na mke walikuwa wakibishania ukuta wa nyumba yao mpya. Mume alitaka unene wa inchi sita, sebule ibaki pana, watu wa fellowship, kikundi chao cha maombi, wakija watoshee.

"Watoshee halafu waive kwa joto," mke akasema.

Akambandika mgongo kwenye ukuta wa duka, mabati matupu yaliyochomwa na jua.

"Aiya!" Mume akaruka.

Mke akamvuta hadi ndani ya stoo ya jirani, yenye ukuta wa matofali wa inchi tisa, akamwegemeza tena.

"Unasemaje sasa?"

"Niache hapa kidogo, mama." Macho ameyafumba.

Sisi wateja wengine tukamfuata, tukaegemea. Miaka yote tumelaumu jua, kumbe ni unene wa ukuta tulioubania. Muuzaji alipotuita, mume akajibu bila kutoka: "Andika tisa! Fellowship watabanana, lakini kwenye baridi."