Mlango wa Sentimita Themanini

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa tisa, mwanangu, Kibondo imekauka na vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye vitufe vya kompyuta yangu, mzee mmoja wa Kasulu alipoingia ofisini akiwa na karatasi hii ambayo ninyi vijana wa ofisi mnaniuliza kila siku kwa nini nimeibandika ukutani. Leo nimeamua kujibu. Na mkiniita bibi sikasiriki. Katika kazi hii ya kuchora majengo kwa kompyuta, aliyemaliza miaka kumi ni bibi wa ukoo.

Ilikuwa mwaka 2013. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, nimemaliza chuo cha ufundi Dar es Salaam, nimerudi mkoani kwetu na kompyuta begani na kiburi kizito kuliko kompyuta yenyewe. Injinia wa ofisi yetu alinipa kazi ya kuchora wodi ya wazazi katika kijiji kimoja cha Busunzu. Muuguzi wa pale, dada mmoja wa Tanga aitwaye Mwanaidi, alikuwa akizalisha akina mama kwenye chumba cha sindano, na mlango wake ulikuwa pazia la khanga. Aliomba jambo moja tu, wodi ifunguliwe kabla ya mvua, maana zikianza barabara ile haipitiki na mama mwenye uchungu hafikishwi Kibondo.

Sasa sikiliza ufundi kidogo, wala usichoke. Mlango unaouona kwenye kioo cha kompyuta si mistari tu. Nyuma yake kuna kadi yenye visanduku vya kujaza: namba, upana, urefu, aina ya mbao, upande unaofungukia. Kompyuta ikitoa orodha ya milango ya kumpelekea seremala, haitazami picha, inasoma kadi. Niliyajua hayo, hata mtihani wake nilifaulu. Lakini kujaza visanduku kulinichosha. Nikachukua mlango wa chumba cha kulala kutoka kwenye mchoro wa zamani wa nyumba ya mwalimu, nikaubandika wodini kila palipohitajika, kisha nikaivuta picha yake mpaka ikafika sentimita mia na ishirini, ili kitanda cha magurudumu kipite. Picha ilipendeza. Kadi sikuifungua, na ndani yake upana ulibaki themanini.

Orodha niliituma Kasulu kwa basi, kwa seremala aitwaye Mzee Bukuru. Mzee huyu alikuwa na desturi yake: hakati ubao kabla hajauliza mlango utapitisha nini. Wa jikoni atauliza mzigo wa kuni, wa zizi atauliza pembe za ng'ombe. Mafundi wenzake walimtania sana kwa hilo. Basi akanipigia simu, akanisalimu kwa ule utaratibu wetu sisi Waha usio na haraka, habari za wazazi, za mashamba, za majirani, mpaka nikaanza kugongagonga meza kwa kalamu. Mwishowe akauliza, "Binti yangu, hii milango ya Busunzu, nani atapita hapo?"

Nikamjibu, "Mzee, wewe fuata orodha. Kompyuta haikosei."

Akasema sawa. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini mimi siku ile nilimfanya aliyeuliza aonekane mjinga.

Fremu na milango vikafika Busunzu kwa lori, mninga mtupu, vimepigwa randa vizuri hata ungetamani kuvipapasa. Waashi walifuata mchoro wakaacha nafasi ya mia na ishirini. Seremala alifuata orodha akatengeneza themanini. Fremu ya kwanza iliposimamishwa, mbuzi wa jirani alipita pembeni yake bila kugusa kitu. Watu wa saiti walicheka, wakasema mzee wa Kasulu macho yamekwisha.

Injinia akaniita. "Mchoro wako unasema ngapi?" Nikasema mia na ishirini. Lilikuwa jibu la kweli, mwanangu, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule, kwa sababu asubuhi hiyo nilikuwa nimeshaifungua kadi na kuiona themanini imekaa mahali pake. Injinia akasema basi, madirisha na makabati yaliyobaki atapewa fundi mwingine, Mzee Bukuru apumzike. Nikaitikia kwa kichwa. Kisha nikaenda kula. Hilo ndilo linaloniaibisha zaidi hadi leo, kwamba nilikula ugali wa muhogo na samaki wa migebuka nikamaliza.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Siku ya tatu Mzee Bukuru alishuka kwenye basi la Kasulu, akaja moja kwa moja kwangu, ingawa chumba cha injinia kilikuwa cha jirani. Akapiga makofi polepole kama wazee wetu wanavyosalimu, akaanza: wazazi, mashamba, majirani. Safari hii sikugonga meza. Nilitamani salamu ziendelee mpaka jioni, maana nilijua kinachofuata.

Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua mezani. Ilikuwa orodha yangu. Kila penye upana alikuwa ameweka alama ya penseli, themanini, themanini, themanini, na chini kabisa, kwa mwandiko wa mtu aliyeacha shule mapema, ameandika neno moja: nimeuliza.

"Hii ningeweza kumpa injinia," alisema. "Nimeileta kwako. Mlango uliokosewa nitautengeneza upya, hiyo ni kazi yangu. Ila mtu akijificha nyuma yake, binti yangu, mimi sina randa ya kumnyoosha."

Akakumbusha ule msemo kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Akaaga, akaenda kungoja basi la kurudi. Karatasi aliiacha.

Nakwambia ukweli, niliwaza kuichana. Nilijiambia mzee keshakula chumvi nyingi, akipumzika hatapungukiwa, na mimi ndiyo kwanza naanza maisha. Ni lile neno la penseli lililonishinda. Nililia, nikafuta uso, nikagonga kwa injinia nikamwambia yote. Kazi za mzee zikarudi Kasulu siku hiyo hiyo. Mimi hakunifukuza. Alinipa adhabu iliyo nzito zaidi, alinituma Busunzu nikamwambie muuguzi kwa mdomo wangu kwamba milango itatengenezwa upya na wodi itachelewa.

Mwanaidi alinisikiliza huku anakunja mashuka. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi wataendelea kujifungulia kwenye chumba cha sindano. Mvua haisubiri mtu." Kweli haikusubiri. Ilianza mwezi wa kumi, na wodi ikafunguliwa mwezi wa kumi na mbili. Katika miezi ile kila nilipoona wingu niliogopa, nikiwafikiria wajawazito nisiowajua hata majina.

Siku ya kufungua, Mzee Bukuru hakukaa kwenye viti vya wageni. Alikishika kitanda cha magurudumu, kikiwa kitupu, akakisukuma mpaka katikati ya mlango, akapitisha kiganja upande wa kulia, kisha wa kushoto. Pakatosha. Akaniita nisukume mimi. Nilisukuma, mwanangu, na furaha ile sijaipata tena katika kazi yoyote. Mzee ametangulia mbele ya haki, na ninamkumbuka sana. Sijakutana na fundi mwingine anayeuliza swali lake, kwa hiyo siku hizi naliuliza mimi.

Basi shika haya. Fungua kadi kabla hujaivuta picha, maana wewe unatazama picha, lakini aliye mbali anasoma kilichoandikwa ndani, na yeye ndiye mwenye msumeno. Kilichobaki kutoka kazi ya jana kisome upya, kisijifanye cha leo. Anayekuuliza mshukuru kwanza, hata salamu zake zikiwa ndefu. Na ukikosea, sema kabla hujala. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mara nyingine ukuta huo unamwangukia mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

Mungu akufungulie milango, mwanangu, mipana kwako na kwa kila unayemchorea. Na siku utakapoletewa karatasi yako mwenyewe, akupe miguu ya kwenda kugonga.